Gari Kongwe na Mkono wa Mwenyewe

Mpanda ni mji uliozaliwa na chuma. Reli ya tawi kutoka Kaliua ilifika hapa mwaka 1950 kufuata madini ya risasi, na mgodi ulipofungwa karibu na miaka ya uhuru, reli ilibaki na mji ukabaki. Tangu siku hizo mtu wa hapa anajua kwamba mashine yake imetoka mbali, na ikivunjika, kipuri chake nacho kitatoka mbali. Barabara ya lami ya Tabora, kupitia Sikonge na Koga, imepunguza adha ya safari, lakini Dar es Salaam bado iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa. Ukihitaji filta leo, humtumi mtoto akuletee kabla chai haijapoa.

Ndiyo maana nawaheshimu sana watu wachache wa mji huu wanaotunza magari makongwe kwa mikono yao wenyewe, kwa spea halisi na bila pupa. Wengi wao si mafundi wa gereji. Yupo mfanyabiashara wa mpunga wa Majimoto, yupo mrina asali aendaye Inyonga, na yupo jirani yangu wa Makanyagio, mwalimu mstaafu, ambaye kazi yake nimeitazama kwa karibu kuliko ya mtu mwingine yeyote. Hapendi kutajwa, kwa hiyo nitamwita Mwalimu, kama mtaa mzima unavyomwita.

Gari lake ni Toyota Land Cruiser, pikapu ya miaka ya tisini yenye mkonga ubavuni. Toleo hilo la 70 lilianza kuuzwa mwaka 1984, na kuanzia mwaka 1990 likapewa injini ya dizeli iitwayo 1HZ: silinda sita, ujazo wa lita 4.2, bila turbo, bila kompyuta ya kuiongoza. Magari ya aina hii yaliujenga mkoa wetu wa Katavi kabla haujaitwa mkoa mwaka 2012. Mengi yaliingia yakiwa na namba za STK au DFP, yakahudumia idara za serikali na makazi ya wakimbizi ya Katumba na Mishamo, kisha yakachoka na kupigwa mnada. Aliyeyanunua mnadani alinunua chuma kizuri chenye historia isiyoandikwa popote. Leo ndiyo yanayobeba mahindi na tumbaku, wagonjwa usiku, na maharusi Jumamosi.

Kazi ya kwanza ya Mwalimu haihitaji spana. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, anafungua boneti na kutazama. Anavuta stiki ya oili, anaifuta, anairudisha, anaivuta tena. Anatazama kiwango cha maji ya rejeta kwenye tangi lake dogo. Anapitisha kidole chini ya mipira ya maji kuona kama kuna unyevu, anabonyeza fani belti, anachungulia ardhini kama kuna tone jipya. Likiwapo tone, halifuti mpaka amejua ni la nini: jeusi la injini, zito lenye harufu kali la difu, au jepesi la breki. Analijua gari lake kama mfugaji wa Kisukuma anavyomjua ng'ombe wake, kwa mwendo na kwa pumzi, kabla ugonjwa haujajitangaza.

Baada ya hapo kuna vumbi, na hapa ndipo Katavi inapodai ustadi wake wa pekee. Ukiiacha lami kiangazi, upande wa Karema au Mpimbwe, gari linalokutangulia hulioni. Unaona wingu tu. Injini ya dizeli hunywa hewa nyingi sana, na chembe ya vumbi ikipita kwenye filta hufanya kazi ya msasa kati ya ringi na silinda. Gari huanza kula oili, kisha kutoa moshi, kisha kukosa nguvu mlimani, na mwenyewe analaumu dizeli. Kwa hiyo akirudi safari ya vumbi, Mwalimu anafungua ea klina. Anaitoa filta, anaigongagonga taratibu kwenye kiganja, halafu anaipuliza kwa upepo kutoka ndani kwenda nje, ili vumbi litoke lilikoingilia. Haioshi kwa petroli wala kwa sabuni, maana karatasi yake ikishaloa imeharibika hata kama ikikauka inaonekana nzima.

Kisha anafanya jambo ambalo sijaona gereji yenye haraka ikilifanya. Anaingia na filta chumbani, anafunga mlango, anawasha tochi ndogo na kuiingiza katikati ya filta, na kuizungusha polepole gizani. Filta nzima hung'aa kwa mwanga hafifu ulio sawa pande zote. Ikiwa na tundu, hata la ncha ya sindano, linajitokeza kama nukta kali ya mwanga. Akiiona nukta hiyo, filta haina msamaha. Mwisho anarudi kwenye gari na kitambaa cheupe, anafuta ndani ya bomba linalopeleka hewa kwenye injini, upande wa baada ya filta. Kitambaa kikitoka cheupe, filta imefanya kazi yake. Kikitoka na wekundu wa udongo, hewa chafu imepenya mahali fulani, na hatawasha gari mpaka amepajua.

Kwenye mafuta ni uangalifu uleule. Vijijini dizeli huuzwa kwenye madumu, na madumu hukusanya maji. Maji huzama chini ya dizeli, na yakifika kwenye pampu na nozeli yanaleta kutu mahali pasipovumilia hata unywele. Filta ya dizeli ya 1HZ ina kifunguo chini na pampu ya mkono juu. Mwalimu anaweka chupa safi ya plastiki chini, anafungua, anapampu mara chache, kisha anainua chupa juani. Maji yanaonekana yamekaa chini, dizeli juu yake. Anamwonyesha mpwa wake, kijana wa dada yake anayejifunza kwake, na kumwuliza yangekwenda wapi yasingetolewa.

Nimeeleza ya usafi kwanza kwa sababu kuna wanaodhani spea halisi inatosha. Haitoshi. Beringi ya Kijapani iliyofungwa kwa mkono wenye mchanga haitafika masika. Lakini na upande wa pili ni kweli: mkono ulio msafi kuliko wote hauwezi kuiokoa sili ya bandia. Ustadi huu una miguu miwili, na unaposimamia mmoja huanguka.

Katika kununua spea, Mwalimu huanza na namba. Ndani ya boneti kuna kibao kidogo cha bati kilichopigwa namba ya chesisi, aina ya injini, na herufi za giaboksi na difu. Amekisafisha, akakipiga picha, na picha iko kwenye simu yake. Kwa namba ile ya chesisi, muuzaji mwenye katalogi anapata namba ya kipuri chenyewe. Namba za Toyota zina mpangilio wake: tarakimu tano za mwanzo hutaja aina ya kipuri, na zinazofuata hutaja ni cha gari gani. Ukiona 90915 mwanzoni, ni filta ya oili. 17801 ni filta ya hewa. 04465 ni breki pedi za mbele. 16100 ni pampu ya maji, na 13568 ni taimingi belti. Mwalimu ameziandika nyuma ya daftari lake, na mpwa wake anazisoma kwa sauti kama orodha ya tahajia.

Nilikaa naye siku moja akipiga simu kwa muuzaji wa Kariakoo. Yule kijana wa dukani alimwambia kwa adabu, "Shikamoo mzee wangu. Ninayo ya orijino, na ninayo ya bei poa, zote zinaingia."

"Marahaba, mwanangu. Kuingia hata mti unaingia. Nisomee namba iliyo kwenye boksi, kisha ulipige picha pande zote na kilichomo ndani."

Picha zilikuja. Mwalimu alizikuza kwa vidole, akatazama uchapaji wa maandishi, akalinganisha namba ya boksi na namba iliyochapwa kwenye kipuri. Kwa filta ya oili anatazama pia raba ya ndani inayozuia oili isirudi chini injini ikizimwa, na mikunjo ya karatasi kama imepangika sawasawa. Kwa raba yoyote anauliza imekaa dukani muda gani, kwa kuwa raba huzeeka hata ikiwa ndani ya boksi. Spea ikifika kwa basi, anaipima mkononi dhidi ya ile ya zamani kabla ya kulipa salio. Ya zamani haitupi mpaka mpya imefungwa na imefanya kazi.

Tanzania ina sheria dhidi ya bidhaa bandia, Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia. Lakini tume haiwezi kukaa kwenye kila kaunta kati ya Dar es Salaam na Mpanda. Mlinzi wa mwisho ni mnunuzi anayejua namba yake.

Na Mwalimu hana ushabiki wa boksi. Hilo ndilo lililonifanya nimwamini. Anajua kwamba Toyota haitengenezi kila kipuri chake. Denso, iliyotengana na Toyota mwaka 1949 ikawa kampuni yake, hutengeneza vifaa vya umeme na vya mfumo wa mafuta. Aisin hutengeneza klachi na pampu za maji. Beringi nyingi zilitoka kwa Koyo, na shokapu kwa KYB. Kampuni hizi huuza bidhaa zao pia kwenye maboksi yao wenyewe, mara nyingi kwa bei nafuu kuliko boksi la Toyota. Kwa boljointi na tairodi, mafundi wa nchi nzima wanaijua 555 ya Japani. Mtu anayejua nani hutengeneza nini anaweza kupata ubora uleule bila kulipia jina la nje.

Anajua pia mahali ambapo mtumba unafaa. Giaboksi iliyotolewa kwenye gari lililovunjwa, gia zake zikiwa nzima, ni spea halisi iliyokwisha kujaribiwa barabarani. Mlango, taa, stelingi boksi, hata difu, anaweza kuchukua mtumba baada ya kukagua. Raba hachukui mtumba: si mkanda, si sili, si mpira wa breki. Na kuna vitu anavyowaachia mafundi wa Mpanda kwa moyo mmoja. Bampa, keria, bomba la moshi, jani la springi la kuongezea: hivi hutengenezwa hapa na wachomeleaji na wahunzi wenye macho makali, na hudumu kwenye barabara zetu kuliko vilivyokuja na gari. Orodha yake ni fupi na haina mjadala. Chochote kinacholisimamisha gari, kinacholigeuza au kinachoilainisha injini ndani, kiwe halisi. Vilivyobaki, tumia busara.

Mfano mkubwa wa yote haya ni taimingi belti. Kwenye dashibodi ya Land Cruiser ya 1HZ kuna taa ndogo iliyoandikwa T-BELT. Kila kilomita 100,000 inawaka. Haimaanishi kwamba gari limeharibika. Inasema muda wa mkanda umekwisha, hata kama kwa macho unaonekana mzima. Ukikatika safarini, kamshafti inasimama huku pistoni zikiendelea kupanda, na valvu zilizobaki wazi zinagongwa. Injini ambayo ingeweza kukimbia miaka mingine mingi inafunguliwa hedi kwa sababu ya kipande cha raba. Nimeyaona magari yaliyolala barabarani kati ya Sitalike na Kibaoni, ndani ya Hifadhi ya Katavi, abiria wakipambana na mbung'o wakisubiri kuvutwa. Baadhi ya wenye magari hayo waliizima taa ile kwa kung'oa balbu.

Siku Mwalimu alipobadilisha mkanda wake, alitandika turubai chini ya mwembe na kupanga spana kwa namba, ndogo hadi kubwa. Alitenganisha betri. Alitoa kifuniko cha mbele, na mkanda ukaonekana. Kwenye injini hii si mrefu: unaunganisha puli ya kamshafti juu na puli ya chini inayoendeshwa na gia. Kila puli ina alama yake, na nyuma yake kuna alama nyingine inayopaswa kulingana nayo. Kabla ya kulegeza nati yoyote aliizungusha injini kwa spana, taratibu, mpaka alama zote zikakutana. Kisha akazipiga picha. Ndipo akalegeza kikazio na kuutoa mkanda wa zamani, akaukunjua na kuutazama upande wa meno. Ulikuwa na nyufa ndogo kwenye mizizi ya meno, zile ambazo ukiuangalia juu juu huzioni.

Mkanda mpya hakuuacha uguse chini. Hakuukunja, maana nyuzi za ndani hukatika ukikunjwa kwa nguvu, na hakuushika kwa mkono wenye oili. Alibadilisha pia beringi ya kikazio na springi yake, kwa sababu mkanda mpya juu ya beringi iliyochoka ni kazi nusu. Aliingiza mkanda kwa vidole, bila bisibisi, akaachia springi ivute yenyewe.

Mpwa wake aliinama na kutazama. "Mjomba, alama zimekaa. Tufunge?"

"Zungusha kwanza."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili kamili. Halafu uniambie unachokiona, usiniambie unachokitaka."

Kijana alizungusha kwa spana ndefu, mizunguko miwili. Puli ya juu ilikuwa imepita alama yake kwa jino moja. Kwa mtu mwenye haraka, jino moja ni kitu kidogo, na huenda gari lingewaka. Mwalimu hakusema neno. Alilegeza kikazio, akautoa mkanda, akaanza upya. Mara ya pili, baada ya mizunguko miwili, alama zilikutana juu na chini. Akakaza bolti za kikazio kwa torki renchi hadi ilipotoa mlio wake, akarudisha kifuniko, akairudisha taa ya T-BELT katika hali ya kuzimika kwa njia yake halali. Injini ilipowashwa ilitoa sauti ileile ya jana. Katika kazi hii, kazi iliyofanyika vizuri haina sauti mpya.

Kisha akaandika. Daftari lake ni la kawaida, la shule, lenye mistari. Kila ukurasa una tarehe, kilomita zilizosomwa kwenye dashibodi, kazi iliyofanywa, namba ya spea, na duka iliponunuliwa. Oili ya injini, karibu lita 10, kila kilomita 5,000. Grisi kwenye nipo za propela shafti, ikipampiwa mpaka ya zamani itoke na mpya ionekane. Sili ya ndani ya hab ya mbele, iliyobadilishwa siku alipokuta oili ya difu imechanganyika na grisi na kuifanya uji. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na gari kongwe ni mali inayopotea kimyakimya kuliko zote. Kwa daftari lile Mwalimu amewahi kugundua kwamba breki pedi za duka fulani zilikwisha mapema kuliko za awali, ingawa boksi lilifanana. Kwenye duka lile hakununua tena, wala hakulitangaza. Alifunga ukurasa.

Anajua pia mpaka wake, na hapo ndipo ninapomheshimu zaidi. Pampu ya nozeli haifungui. Ile hupelekwa kwa fundi pampu mwenye mashine ya kupimia, hata kama ni kuituma mji mwingine na kusubiri. Hedi ikihitaji kusawazishwa, anaitoa mwenyewe lakini inakwenda kwa fundi wa mashine. Mafundi wa gereji za Mpanda hawamwoni kama mtu anayewanyang'anya riziki. Wanamwita kuuliza namba, naye huwaita pale anapohitaji mikono minne. Oili chafu hamwagi ardhini. Anaihifadhi kwenye dumu na kuwapa wanaopaka nguzo za uzio dhidi ya mchwa, kwa sababu maji ya mto Katuma yanakwenda hifadhini, na viboko wa Sitalike kiangazi wana shida ya kutosha.

Watu humwuliza kwa nini asiuze gari hilo akanunua la kisasa. Hajibu kwa maneno mengi. Gari lake limepeleka wajawazito hospitali usiku wa mvua, na limerudi. Ukiwa umembeba mtu wa namna hiyo, katikati ya njia isiyo na mtandao wa simu, unataka kujua nani alifunga kila nati na kila nati ilitoka wapi. Yeye anajua. Huo ndio utajiri wake, na haukupatikana kwa pesa peke yake. Umepatikana kwa asubuhi nyingi za kutazama, kwa subira ya kusubiri basi lilete kipuri kilicho sahihi badala ya kilicho karibu, na kwa uaminifu wa kufungua upya kazi iliyokosea kwa jino moja.

Vijana wengi wa Katavi sasa wananunua gari lao la kwanza, la mnada au la mtumba, na natamani ustadi huu uwafikie. Hauhitaji gereji. Nunua daftari. Soma kibao cha chesisi na ukipige picha. Fungua ea klina uitazame kwa tochi gizani. Toa maji kwenye filta ya dizeli. Kisha muulize aliyekuuzia taimingi belti ilibadilishwa lini, na umwombe maandishi. Kama hana maandishi, hesabu kwamba haijabadilishwa, agiza yenye namba yake halisi, na usilitume gari Karema mpaka imefungwa.